Programu za Kujitolea na Majina ya Wanachama
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Entarara)



Kamati imetutaka tuseme juu ya hizi programu za simu ambazo vijana wanazitengeneza kwa kujitolea, bila mshahara, ili kuwasaidia watu wanaoandamana. Wengine wenu mnazo tayari. Wengine mmeambiwa mziweke na hamjui kama ni jambo la kuaminika.

Kwanza yafaa tukiri ya kuwa kazi hii ni kazi ya heshima, tena Kenya imetangulia katika hiyo. Januari 2008, fujo za uchaguzi zilipokuwa zikiwaka, watu wachache walitengeneza Ushahidi kwa siku chache tu. Ilikuwa ni ramani: aliyeona nyumba ikichomwa alipeleka habari, hata kwa ujumbe wa simu, nayo ikaonyeshwa mahali pake. Ory Okolloh ndiye aliyepiga mbiu, na Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakaingia kazini. Mwaka 2010 chombo hicho kilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Gharama ya kazi hii nayo tumeiona. Rose Njeri alitengeneza ukurasa ambao mwananchi aliweza kuutumia kupeleka barua Bungeni ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2025. Alikamatwa tarehe 30 Mei, akalala rumande siku zote za sikukuu ya Madaraka, akashtakiwa kwa sheria ya makosa ya kompyuta. Tarehe 20 Juni mahakama ikayatupa mashtaka. Kosa lake lilikuwa kurahisisha barua! Sisi watu wa chama, ambao kazi yetu ni kuandika barua za malalamiko, twapaswa kulikumbuka hilo.

Walakini fundi aweza kuwa mwaminifu na mlango wake ukawa mbovu. Katika maandamano ya Hong Kong mwaka 2019 watu wengi walichukua programu iitwayo Bridgefy, ya kampuni, inayopeleka ujumbe kutoka simu hata simu bila mtandao. Ilisifiwa mno kuwa ni salama. Mwaka 2020 wataalamu wa chuo cha Royal Holloway, Uingereza, waliipima wakakuta ya kuwa adui aweza kusoma ujumbe, aweza kujua nani anasema na nani, na kwa ujumbe mmoja tu aweza kuwanyamazisha wote. Wenye programu wakaibadili, wakachukua namna ya kufunga siri inayotumiwa na Signal. Wataalamu wakarudi mwaka 2022, wakakuta nyufa bado zipo. Kufuli nzuri ilitiwa katika mlango ambao bawaba zake zimelegea.

Mwaka 2024, wakati wa maandamano ya Juni, vijana wetu walikimbilia Zello, ambayo hufanya simu iwe kama redio ya askari. Ilisaidia. Lakini katika chumba kilicho wazi kila mtu aweza kuingia na kusikiliza, na askari kanzu naye ni mtu.

Msidhani ya kuwa hizi ni habari za mbali. Tarehe 19 Agosti 2024, Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, watu wa hapa Kitengela, walitekwa. Mahakama ilidai waletwe. Bwana Gilbert Masengeli, aliyekuwa akikaimu ukuu wa polisi, alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau mahakama, na tarehe 20 Septemba watatu hao wakaonekana wakiwa hai, baada ya siku 32. Baadaye hukumu ile ya kifungo ikaondolewa. Hatusemi ya kuwa programu fulani iliwasaliti. Twasema kwamba katika mji huu jina la mtu na mahali anapolala si kitu cha kuandikwa ovyo.

Sasa tumeletewa programu na vijana wetu wenyewe. Mwanachama akikamatwa anabonyeza mara moja, na habari inamfikia wakili na jamaa zake. Ni shauri jema. Lakini inataka jina, namba ya kitambulisho na tawi la kila mmoja wetu. Kamati imewauliza: orodha hiyo inakaa wapi? Nani anashika funguo? Kwa nini namba ya kitambulisho, ikiwa wakili ahitaji jina na kituo cha polisi tu? Fundi akikamatwa yeye, orodha inafutwa au inabaki mezani? Je, maandishi ya programu yako wazi, ili fundi mwingine ayakague kama tunavyokagua daftari la mweka hazina? Hatumkagui mweka hazina kwa sababu ni mwizi. Twamkagua ili aweze kulala usingizi.

Vijana walijibu vizuri katika mengi. Katika namba za kitambulisho walisitasita, na hapo ndipo tuliposimama.

Tena mjue mipaka ya programu yoyote. Laini yako imeandikishwa kwa kitambulisho chako, na mnara wajua simu ilipo hata ikiwa ujumbe umefungwa. Na simu iliyokaa mikononi mwa polisi si simu ile ile tena: mwaka 2025 Citizen Lab ya Toronto ilikuta programu ya upelelezi, FlexiSPY, ndani ya simu za watengeneza filamu wa Kenya waliokuwa wamekamatwa mwezi wa Mei. Ukirudishiwa yako, usiiwashe na kuendelea na mambo ya chama. Ilete kwanza.

Kwa hiyo kamati imekata shauri hivi. Vijana wataitoa namba ya kitambulisho, na fundi asiye rafiki yao ataikagua kazi yao. Mpaka hapo, asiandikwe mtu. Namba ya simu ya wakili ipo kwa katibu. Inakili kwa kalamu, uishike kwa moyo, maana ukikamatwa simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.