Valvu ya Moyo Hubadilishwa Mjini, Hutunzwa Wilayani

Maelezo yaliyotolewa mbele ya waheshimiwa madiwani, waganga wafawidhi na wajumbe wa kamati za usimamizi wa zahanati na vituo vya afya



Mada iliyowekwa mbele ya kikao hiki ni maradhi ya valvu za moyo: namna yanavyotibiwa, na yale yanayompata mgonjwa baada ya matibabu. Ni rahisi kudhani kwamba jambo hili ni la mabingwa wa Dar es Salaam peke yao. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya matokeo ya tiba hii huamuliwa katika zahanati, katika kliniki ya wajawazito na katika maabara ya hospitali ya wilaya, muda mrefu baada ya kidonda cha upasuaji kupona.

Moyo una valvu nne. Kila moja ni mlango unaofunguka upande mmoja tu, ukiruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Katika moyo wa mtu mzima aliyetulia, milango hiyo hufunguka na kufungwa takriban mara 100,000 kwa siku. Valvu ikiugua, hupatwa na moja ya mambo mawili, au yote kwa pamoja: ama hubana, damu ikapita kwa shida, ama hushindwa kufunga, damu ikavuja kurudi ilikotoka. Kwa vyovyote vile, moyo hulazimika kufanya kazi kupita kiasi, hutanuka, na mwishowe huchoka.

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mgonjwa wa valvu mara nyingi ni mzee ambaye valvu yake imekakamaa kwa chokaa ya miaka mingi. Katika nchi za Afrika, wengi wao ni vijana, na chanzo kikubwa ni homa ya rumatiki. Homa hiyo huanza na maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria wa kundi la streptokoki, hasa kwa watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15. Mtoto huumwa koo, hupona, na jambo husahauliwa. Lakini kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyoamshwa kupambana na bakteria hao hugeuka na kushambulia viungo na moyo wenyewe. Mashambulizi yakijirudia, valvu hupata makovu na kushikana. Dalili huweza kuchelewa kwa miaka mingi.

Zinapojitokeza, dalili hizo hufanana na za maradhi mengine. Mgonjwa huhema akipanda kilima kidogo, hushindwa kulala bila kuinuliwa na mito, hukohoa usiku, pengine hata damu, na miguu huvimba. Wapo wanaotibiwa pumu au kifua kikuu kwa miezi kadhaa, na wapo wanaopelekwa kwa waganga wa kienyeji. Kwa wanawake, mara nyingi ujauzito ndio unaoifichua siri. Wingi wa damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na valvu iliyobana, ambayo mpaka hapo ilikuwa ikivumilia, haiwezi tena kuipitisha. Mjamzito anayehema akiwa amelala asiambiwe kwamba hiyo ni hali ya kawaida ya mimba kabla moyo wake haujasikilizwa.

Utafiti uitwao REMEDY ulionyesha uzito wa jambo hili. Ulifuatilia wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Ndani ya miaka miwili, takriban 17 kati ya kila 100 walifariki dunia. Hao ni watu wa umri wa kulea watoto na kulima mashamba.

Je, tiba zipo? Zipo, nazo hutofautiana kulingana na aina na ukubwa wa tatizo. Kipimo kinachotangulia ni ultrasaundi ya moyo, ambayo hospitalini huitwa eko. Kwa mawimbi ya sauti, bila kumchoma wala kumpasua mgonjwa, daktari huona valvu ipi imeugua na kwa kiasi gani.

Tiba ya kwanza ni dawa. Zipo za kupunguza maji mwilini, za kutuliza mapigo ya moyo na za kuzuia damu kuganda. Dawa humpa mgonjwa nafuu, wakati mwingine kwa miaka, lakini haziondoi kovu lililo kwenye valvu.

Tiba ya pili ni puto. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, na puto lililo kwenye ncha yake hujazwa ndani ya valvu ya mitrali iliyobana, likaitanua. Njia hii ilibuniwa na daktari Mjapani, Kanji Inoue, katika miaka ya mwanzo ya 1980. Mgonjwa hafunguliwi kifua, na kwa kawaida hurudi nyumbani baada ya siku chache. Hata hivyo, puto humfaa tu mwenye valvu iliyobana, ambayo bado ni laini kiasi na haivuji sana. Anayechelewa kufika hospitali huweza kuikosa nafasi hii.

Tiba ya tatu ni upasuaji wa kufungua kifua, ambapo mashine hushika kazi ya moyo na mapafu wakati daktari anaposhughulikia valvu. Inapowezekana, valvu ya mgonjwa mwenyewe hurekebishwa, kwa kuwa kilicho chake mwilini kina maudhi machache kuliko cha kupandikizwa. Isipowezekana, hubadilishwa. Valvu za kupandikizwa zilianza kuleta mafanikio ya kudumu mwaka 1960, wakati daktari Albert Starr alipotumia nchini Marekani valvu aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Kwa wazee wenye valvu ya aota iliyokakamaa, imepatikana pia njia ya kuweka valvu mpya kwa mrija, iliyofanywa kwa mara ya kwanza na Alain Cribier mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Njia hiyo haijawa jibu kwa kijana mwenye valvu ya mitrali iliyoharibiwa na rumatiki.

Hapa nchini, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Dar es Salaam, hutibu kwa puto na kwa upasuaji wagonjwa ambao zamani wangelazimika kupelekwa India. Rufaa huanzia zahanati, ikapitia hospitali ya wilaya na ya mkoa.

Ndugu wajumbe, hapa ndipo wilaya inapoingia. Valvu za kupandikizwa ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kutengenezwa kwa kaboni ngumu. Hudumu kwa miongo mingi, lakini damu hupenda kuganda juu yake, hivyo mgonjwa hana budi kunywa dawa iitwayo wafarini kila siku ya maisha yake. Ya pili hutokana na tishu za nguruwe au ng'ombe. Haimlazimu mgonjwa kunywa wafarini maisha yote, lakini huchakaa: kwa mtu mzima huweza kudumu miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huchakaa mapema zaidi, akahitaji upasuaji wa pili.

Chukulieni mfano wa binti wa miaka 20, aliyeolewa na anayetamani kupata watoto, akiishi kijiji kilicho mbali na barabara kuu. Akipewa valvu ya kaboni, wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Akiiacha bila maelekezo, valvu huweza kuziba kwa donge la damu na kumuua. Akipewa valvu ya tishu, anaweza kubeba mimba kwa hatari ndogo zaidi, lakini anajua kwamba siku moja kifua chake kitafunguliwa tena. Daktari humweleza yote hayo kabla ya upasuaji. Lipo pia swali ambalo daktari wa mjini hawezi kulijibu peke yake: huko anakoishi binti huyu, damu yake itapimwa wapi?

Swali hilo ni zito kwa sababu wafarini haina kipimo kimoja kwa watu wote. Ikizidi, mgonjwa hutokwa damu, hata kwenye ubongo. Ikipungua, donge la damu huziba valvu au husafiri hadi kichwani na kuleta kiharusi. Njia pekee ya kujua ni kupima kasi ya kuganda kwa damu, kipimo kijulikanacho kwa kifupi chake, INR. Mtu asiyetumia dawa hii huwa na takriban 1. Mwenye valvu ya mitrali ya kaboni kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Katika utafiti wa REMEDY, miongoni mwa waliokuwa wakinywa dawa hizo, ni kama 28 tu kati ya kila 100 waliokuwa ndani ya kiwango kinachotakiwa. Wapo waliotumaini kwamba dawa mpya zisizohitaji kipimo hiki zingeleta ahueni. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa rumatiki wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya wafarini walifariki wachache kuliko waliopewa dawa mpya ya rivaroksabani. Na kwa mwenye valvu ya kaboni, dawa hizo mpya hazifai kabisa. Kwa hiyo kipimo cha INR hakikwepeki.

Waheshimiwa madiwani, kipo chombo kidogo kinachotoa jibu la INR kwa tone la damu ya kidole, ndani ya dakika chache. Mnapojadili bajeti ya afya, hesabuni chombo hicho na vitendanishi vyake kuwa sehemu ya upasuaji uliofanyika Dar es Salaam, maana bila hivyo kazi ya mabingwa imeachwa nusu. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 iwe sababu ya kuwahimiza wananchi kujiunga mapema, na maofisa ustawi wa jamii wazisikilize familia zisizo na uwezo kabla ya siku ya safari, si baada ya mgonjwa kukwama.

Waganga wafawidhi, mgonjwa anayetumia wafarini aulizwe kila dawa anayokunywa. Metronidazo na septrini huongeza nguvu ya wafarini. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza. Aspirini na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu. Mboga za majani hazikatazwi, ila zisiliwe kwa wingi wiki hii na kuachwa kabisa wiki ijayo. Mwenye valvu ya kupandikizwa apewe antibiotiki kabla ya kung'olewa jino, kwani bakteria wa kinywani huweza kujenga kwenye valvu. Tena kubadilishiwa valvu hakumalizi sindano za penisilini: wengi huendelea nazo hadi umri wa miaka 40, na wengine maisha yote. Yule ambaye moyo wake umedhoofika sana, daktari anaweza kumpa vidonge badala ya sindano.

Penisilini hiyo ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote zilizotajwa, na ndiyo inayofika mapema zaidi. Kaskazini mwa Uganda, watoto na vijana 818 wa umri wa miaka 5 hadi 17, waliogunduliwa kwa eko kuwa na dalili za awali za rumatiki ya moyo, waligawanywa katika makundi mawili. Baada ya miaka miwili, miongoni mwa waliochomwa sindano kila baada ya wiki nne, walioendelea kuharibika valvu hawakufika hata 1 kati ya kila 100. Miongoni mwa wasiochomwa walikuwa 8 kati ya kila 100. Mwaka 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziupe ugonjwa huu uzito unaostahili.

Kamati za zahanati zinaweza kuanza na mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Daftari moja liandikwe majina ya wanaostahili sindano na tarehe zao, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii amfuate nyumbani asiyefika. Akiba ya penisilini ikaguliwe kabla haijaisha. Walimu waelezwe kwamba mtoto mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe zahanati, na kwamba maumivu ya viungo yanayohama kutoka goti hadi kiwiko si ya kukua wala ya kudeka.

Mgonjwa anaporudi kutoka Dar es Salaam na kovu kifuani, ndugu hushangilia, na ni haki yao. Furaha hiyo itadumu iwapo asubuhi ya kliniki atakuta dawa dirishani, chombo cha kumpima maabara, na muuguzi anayejua kwa nini amekuja.