Kompyuta ya chama imeanza kusema

Maneno yaliyotolewa na mfanyakazi wa shirika linalosindikiza chama chetu, kwa mkutano wa wanachama, Ruashi, Lubumbashi

Mwenyekiti ameniomba niseme kidogo juu ya kompyuta ya chama. Najua saa ya bukari imekaribia, sitarefusha.

Nianze na kosa langu. Baba mmoja tunayemjua wote alikuwa mweka hazina wetu tangu tuliporudi kutoka Zambia. Halafu presha ya macho ikamharibia kuona, akaacha kazi. Alisema: «Siwezi kulinda falanga zenye sizione.» Toka hapo, kila mkutano mimi njo nilikuwa ninamsomea daftari la michango. Siku moja niliruka mustari. Ulikuwa mustari wa mjane mmoja, na alikuwa amelipa. Baba akauliza: «Na ule mama wa Katuba?» Wengine wakakasirika, wakasema anatuona sisi wezi. Ilituchukua majuma mbili kupatana. Hakukuwa mwizi. Kulikuwa mtu mmoja anayesoma, na mtu mwingine asiyeweza kuhakikisha.

Kwa hiyo tulitafuta njia asikie daftari yeye mwenyewe. Iko programu inaitwa NVDA. Michael Curran wa Australia, kipofu, aliianza mwaka 2006, akasaidiwa na mwenzake James Teh, naye kipofu. Hailipishwi. Unaweza kuibeba kwa ufunguo wa USB, na ikisha kuingia haiombi tena intaneti. Maandishi yaliyo kwenye skrini, yenyewe inayasoma kwa sauti.

Siku ya kwanza tulishindwa. Windows yetu ni ya Kifaransa, basi sauti ikasoma Kiswahili kama Kifaransa. «Chama» ikawa «shama», «ujumbe» ikapoteza mwisho wake. Baba akatoa ekutere masikioni, akasema: «Hii kitu inanitukana.» Tulifungua mipangilio ya sauti, Insert pamoja na Ctrl na V, tukachagua sauti ya Kiswahili ya eSpeak, inayokuja ndani ya NVDA. Tukapunguza mwendo wa kusema. Sauti yenyewe ni ya mashine, haipendezi. Baba alisema ni mtu wa kweli lakini ana mafua. Lakini alielewa.

Mambo manne tuliyojifunza, nayasema kwa wale watakaojaribu nyumbani.

Kwanza, wakati wa kuingiza NVDA, kubali ianze hata kabla ya neno la siri. Bila hiyo, kipofu atangoja mtu wa kumfungulia, na tutakuwa tumerudi kule kule.

Pili, fundisha vidole kabla ya programu. Vitufe vya F na J viko na kialama kidogo cha kugusa. Hapo njo nyumbani kwa vidole. Ukibonyeza Insert na 1, kila kitufe unachogusa kinataja jina lake, bila kuharibu kitu. Baba alicheza mchezo huo siku tatu. Na akichoka na sauti, Ctrl inainyamazisha.

Tatu, daftari lenyewe lazima liwe safi. Letu lilikuwa na visanduku vilivyounganishwa, rangi nyekundu kwa wenye deni, na maneno pembeni. Sauti haisemi «huyu ni mwekundu» kama hukuiomba. Tuliandika upya: jina, mwezi, kiasi, deni, kila kimoja kwa safu yake. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi tatu, kuliko kuingiza programu yenyewe.

Nne, ekutere si mapambo. Bila ekutere, mashine inatangaza deni la kila mtu mbele ya salle yote.

Sasa, kuna wanaouliza: je, mashine inaweza pia kutusikia? Tusichanganye. Kusomewa kunamsaidia mwenye macho mabovu. Kuagiza kwa sauti kunamsaidia zaidi mwenye mikono mibovu, kama dada yetu mwandishi, ambaye mkono wake wa kuume haufanyi tena kazi. Windows inasikia maagizo kwa Kifaransa au Kingereza, Kiswahili hapana. Na ule mtambo wa zamani wa kusikia unadai lugha ya Windows yenyewe ifanane na lugha ya maagizo. Hapo shida yetu sisi wa kurudi inaonekana. Wazazi walisoma Kifaransa. Sisi tulioenda masomo Zambia tulisoma kwa Kingereza. Kiswahili njo kinatuunganisha, na njo kile mashine haisikii.

Dada yetu amepitia simu. Kibodi ya Google inaandika Kiswahili unachokisema tangu 2017, lakini ni Kiswahili cha Kenya na Tanzania. Akisema «batu makumi mbili bamefika», inaandika mambo ya ajabu. Akisema «watu ishirini wamefika», inaandika sawa. Anasema sasa anaandika ripoti kama anayesoma misa. Inakula mega, lakini ripoti ya mwezi uliopita aliifanya peke yake.

Kwa marafiki wanaotusaidia: hatuombi kompyuta mpya. Tunaomba ekutere tano, batri ya kuvuka saa za delestaje, na pesa ya usafiri wa wanachama sita kila Jumamosi. Sheria ya nchi, nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inalinda haki za watu wenye ulemavu. Ni vizuri. Lakini sheria haimfundishi mtu kibodi. Hiyo kazi ni yetu.

Namaliza. Juma lililopita baba alikaa mbele ya mashine, peke yake, akapitia daftari lote kwa mishale, mustari kwa mustari. Alichukua karibu saa moja. Halafu akaniita. «Mutoto yangu, wewe umeandikwa mara mbili mwezi wa tano. Ulilipa mara mbili?» Sikulipa mara mbili. Nilikosea kuandika. Tulisahihisha pale pale, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu safari hii alikuwa anajua, si kudhani.

Ameniambia anataka kurudi kuwa mweka hazina. Uchaguzi ni mwezi ujao. Mimi nitapiga kura yangu; ninyi fikirieni yenu. Jumamosi saa tatu ya asubui tuko hapa.