Hotuba ya Katibu wa Kwaya Siku ya Yubile: Mama Mwalimu



Kamati ilitupa dakika kumi za kusimulia historia ya kwaya yetu ya Oldonyiro katika miaka hii 25. Tulifungua madaftari ya mahudhurio na kumbukumbu za mikutano, na kila ukurasa ulitufikisha kwa mtu yule yule. Basi tumeonelea tusimulie habari zake. Yeye mwenyewe ametukataza kuandika jina lake katika kijitabu hiki. Amesema liko katika cheti cha ubatizo na katika sajili ya shule, linatosha. Tutamwita tunavyomwita siku zote, Mama Mwalimu. Sisi Wasamburu humwita Yeyo, na wenzetu Waturkana nao wamezoea kumwita hivyo hivyo.

Mama Mwalimu hajui siku aliyozaliwa. Kitambulisho chake kinasema Januari 1, kama vitambulisho vya nusu ya wazee walioketi hapa leo. Alizaliwa kwenye manyatta, siku zile sehemu zetu zilipokuwa bado ndani ya wilaya zilizofungwa za mpaka wa kaskazini, mtu akihitaji kibali kuingia na kutoka. Tulipomuuliza alivyopata kusoma, alicheka. Wakati ule kila boma lilitakiwa kutoa mtoto mmoja aende shule, na wazazi walimtoa yule ambaye mifugo isingemkosa. "Nilipoteza mbuzi wanne kwa wiki moja," alituambia. "Baba akasema, huyu apelekwe kwa mapadre, labda huko hakuna cha kupoteza." Tumefaidika na mbuzi wale wanne kuliko fisi aliyewala.

Alisomea ualimu, akarudi nyumbani. Mwaka 1969, Grace Onyango, ambaye naye alikuwa mwalimu, alipokuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini Kenya, Mama Mwalimu alisikia habari hiyo kwenye redio ya duka moja. Kesho yake aliwaambia wasichana wa darasa lake. Walikuwa watatu tu, na mmoja wao aliozwa kabla ya muhula kwisha.

Sisi tuliosomea ualimu juzi, tukaajiriwa penye barabara na simu, hatuna budi kukumbuka kazi ya siku zile. Mshahara ulikuwa Isiolo. Alipanda lori la mifugo, mtoto mgongoni, akakaa juu ya mbao huku ng'ombe wakimpumulia miguuni. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa mwaka 1963 ziliendelea kutumika pande zetu mpaka 1991, na safari ya siku moja iliweza kuwa ya siku tatu. Alizaa watoto saba, akazika wawili. Mumewe alikuwa mfugaji asiyejua kusoma, na usiku ndiye aliyeshika kurunzi mkewe akisahihisha madaftari. Jambo hilo hatukuambiwa na Mama. Tuliambiwa na mzee mwenyewe kabla hajatutoka, na alilisema kwa majivuno.

Mwaka wa ukame wa 1984, mwaka wa mahindi ya manjano, watoto walihama na mifugo kwenda fora na madarasa yakabaki matupu. Mama Mwalimu aliwafuata kwa miguu, na ubao mdogo begani. Kwa kuwa chaki haikutosha, aliwafundisha hesabu kwa kuimba. Wazee wengine wa besi yetu walijifunza jedwali la mara saba kando ya Ewaso Nyiro, na mpaka leo wakihesabu fedha za sadaka utaona midomo yao ikitikisika.

Alipokaribia kustaafu ndipo kwaya hii ilipoanza. Tulikuwa watu kumi na mmoja na ngoma moja. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, watoto walifurika hata wakakaa madirishani, akaombwa arudi asaidie bila mshahara. Asubuhi alikuwa shuleni, jioni alikuwa nasi akitufundisha nota. Alikuwa mkali. Aliyechelewa aliimba peke yake mbele ya wenzake. Na wakati Wasamburu na Waturkana walipokuwa wakichukuliana mifugo huko nje, alipanga viti vya mazoezi mwenyewe, mmoja huku mmoja kule, akasema asiyetaka kuketi hivyo aende akaimbie mbuzi.

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa kuruka, lakini Mama amesema tusiruke.

Katiba yetu ya kwanza ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba mwanakwaya wa kike atakayepata mimba nje ya ndoa atavua sare na hataimba tena. Tulikiandika sisi, kwa mikono yetu, tukapiga makofi. Miaka kadhaa baadaye msichana mmoja wa kidato cha pili, sauti bora ya alto tuliyowahi kuwa nayo, alipatikana na mimba. Tulimwita mbele ya kamati akarudisha sare ikiwa imefuliwa na kukunjwa. Kijana aliyehusika wengi wetu tulimjua. Alikuwa mwenzetu, na Jumapili ile ile alipiga kayamba. Kifungu hakikumtaja mvulana.

Serikali ilikuwa imekwisha kusema tangu 1994 kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shule. Sisi tuliokuwa tukiimba habari za huruma kila Jumapili tulikuwa nyuma ya Serikali.

Mama Mwalimu hakugomba. Jumapili iliyofuata alikuja bila sare, akaenda kuketi benchi la mwisho kando ya msichana yule. Alikaa pale hadi mtoto alipozaliwa, na hata baada ya hapo, karibu mwaka mzima. Tulituma wajumbe mara mbili. Aliwakaribisha chai, akawauliza habari za mifugo, wakaondoka. Mtoto alipoachishwa ziwa, Mama alimchukua akamlea yeye, msichana akarudi shuleni, mbali na hapa, kwa karo iliyotoka kwenye pensheni. Kisha Mama akarudi kwetu bila kusema neno, akashika kijiti chake, akatuambia alto wameharibika.

Tulipomuuliza mwaka huu angependa zawadi gani ya yubile, tulikuwa tumekwisha kukadiria bei ya mbuzi na leso. Alisema anataka kile kifungu kifutwe, na kilichotendeka kisomwe mbele ya watu. Tusijisifu kwamba ilikuwa rahisi. Kamati ilipiga kura, tano kwa nne. Lakini kimefutwa. Na sisi, kwa niaba ya waliokuwepo na waliokuja baadaye, tunamwomba dada yetu msamaha hapa, hadharani, kwa kuwa hadharani ndipo tulipomvulia sare.

Tulimwandikia. Alijibu kwa ujumbe mfupi wa simu kwamba atakuja kama Mama atakuwepo. Mama yupo. Sikio lake la kushoto halisikii tena, ndiyo maana ameketi upande wa tenori, eti hao ndio wenye kelele.

Wimbo unaofuata uko ukurasa wa sita wa programu, na Mama Mwalimu ndiye atakayetupa nota ya kwanza. Fundi wa sare za yubile alishona moja zaidi kwa kukadiria kimo. Imewekwa kwenye kiti cha alto kilicho wazi, cha pili kutoka mwisho. Dada, ukipenda, tunakusubiri kabla hatujaanza.