Jua la Juba na ngozi ya mtoto wako

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji wa Gorom na hapa Juba mjini, Februari 2025 shule zilifungwa wiki mbili kwa ajili ya joto. Joto unalisikia. Mionzi inayounguza ngozi huisikii, na hata siku ya mawingu inapita.

Weusi wetu ni mwavuli: melanini iliyo ndani ya ngozi huzuia sehemu ya mionzi hiyo. Dada unayejipaka mkorogo kisha ukauza nyanya juani, unaukunja mwavuli wako mwenyewe.

Mtoto mwenye ualbino hakuzaliwa nao. Mama, usimpange foleni ya maji kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mtume kaka yake. Yeye mvalishe mikono mirefu na kofia pana, hata wenzake wakimcheka. Kule Moshi, Tanzania, kuna mafuta maalumu yanayotengenezwa kwa ajili ya watu hawa. Hapa kambini kinga ya kwanza ni kitambaa.

Ana kidonda usoni au sikioni, mwezi umepita hakijapona? Usikipake dawa za sokoni. Mpeleke kliniki wiki hii, kingali kidogo. Saratani ya ngozi ikikatwa mapema, mara nyingi mtu hupona.

(MUZIKI)