Usukani Uliolegea

Jioni hii nitawaeleza habari ya usukani uliolegea, na mfano wangu utakuwa Land Rover ya zamani. Gari hilo lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na zile ziitwazo Series zikaendelea kuundwa hata mwaka 1985. Ziko zingali zikitembea, walakini vyuma vyake vimezeeka.

Dereva aonapo usukani wachezacheza, mara nyingi hushika spana na kukaza nati iliyo karibu. Hilo ni kosa. Ulegevu husikika mkononi, bali chanzo chake huenda kiko mbali na mkono. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi tafuteni kwanza, ndipo mkaze.

Kazi hii yataka watu wawili. Simamisheni gari mahali palipo sawa, zimeni mtambo, tieni mawe kwenye magurudumu ya nyuma, na ya mbele yaelekee mbele sawasawa. Mmoja na akae mahali pa dereva, autikise usukani kidogo kidogo. Wa pili na atazame, akianzia juu na kushuka chini.

Kwanza, alishike bomba refu lishukalo kutoka usukani. Bomba zima likitikisika, yamkini kibano kilishikacho chini ya dashibodi kimelegea, au bolti za sanduku la usukani zimelegea. Hizo zikazwe, na iliyolika meno ibadilishwe.

Pili, bomba likitulia na ufito wa ndani ukayumba, bushi ya juu imelika. Kukaza hakufai kitu. Sharti itiwe mpya.

Tatu, hayo yote yakiwa imara, na usukani wazunguka kidogo pasipo magurudumu kugeuka, aende chini. Atazame vifundo sita vya fito za usukani, na relei iliyosimama mbele ndani ya chasisi. Kilicholika kitajulikana, maana upande mmoja husogea na upande wa pili huchelewa.

Viungo vyote vikiwa vizima, ndipo muiguse skrubu ya sanduku la usukani. Inueni ekseli ya mbele, iegemee magogo imara, wala si jeki peke yake. Magurudumu yakielekea mbele, kazeni skrubu kidogo sana, fungeni nati yake, kisha zungusheni usukani toka mwisho hata mwisho. Ukinata popote, legezeni.

Namjua dereva aliyeikaza skrubu hiyo kwa nguvu, kumbe kilicholegea ni kifundo. Usukani ukawa mgumu, naye akafurahi akidhani umepona. Katika kona ya kwanza haukurudi wenyewe, gari likaingia mtaroni. Yeye alisalimika, kifundo kile kilikuwa kingali kimelegea.

Mkono wa usukani uliopasuka msiuunge kwa moto, bali tafuteni mwingine. Pini mlizozitoa msizirudishe; tieni mpya. Kisha lijaribuni gari polepole uwanjani kabla ya kupakia watu. Abiria hawezi kuona yaliyomo ndani ya usukani wako. Amepanda kwa kukuamini, na roho yake i mikononi mwako.

Kwaherini.