Bei ya Karata Inayosubiriwa: Ukubwa wa Dau katika Mashindano ya Poka ya Mtandaoni

Katika poka ya Texas Hold'em, mkono unaosubiri ni ule ambao bado haujashika kitu, lakini ikianguka mezani karata moja unayoitaka, unaupita mkono uliokuwa mbele. Mfano ulio wazi ni wa mchezaji mwenye pau mbili mkononi huku mezani kukiwa na pau mbili nyingine. Pau zote ni 13. Nne keshaziona, tisa hajui zilipo, na mojawapo ikitokea atakuwa na pau tano. Mpinzani wake ana ree mbili, yuko mbele, na ni zamu yake kuweka dau. Kiasi cha dau hilo ni suala la bei.

Ichukuliwe kwamba karata nne za mezani zimekwisha kufunuliwa, imebaki ya tano, na kitita kina kete 1,200. Anayesubiri anaziona karata sita. Katika 46 asizoziona, tisa zinamfaa, sawa na asilimia 19.6. Akiwekewa dau la 400, atalipa 400 kugombea 1,600, na ili asipate hasara inampasa ashinde mara moja katika kila mara tano. Bei hiyo ni karibu sawa na haki yake: kila akilipa hupoteza wastani usiofika kete tisa. Dau la 600 linamdai ushindi wa asilimia 25, na hasara yake inapanda hadi kete 130. Dau la 1,200 linamtoza karibu kete 500.

Wachezaji wengi huogopa pau ya tano kiasi cha kutaka kumfukuza mpinzani kwa dau kubwa kupindukia. Woga huo una gharama. Mpinzani akitupa karata, mwenye ree mbili anachukua 1,200 na basi. Akilipa dau la 600 kimakosa, mwenye ree anastahili wastani wa 1,330, ingawa mara moja moja atashindwa na roho itamuuma. David Sklansky, katika kitabu chake The Theory of Poker, aliijenga kanuni ya msingi ya mchezo huu juu ya wazo hilo: faida hutoka pale mpinzani anapofanya jambo ambalo asingelifanya kama angeziona karata za mwenzake.

Tena, kusubiri kwenyewe ni jambo la kukisiwa. Asiye na pau mkononi, akiona mbili mezani, amebakiwa na pau 11 asizozijua. Hizo hufanya jozi 55 kati ya jozi 1,035 ambazo mpinzani angeweza kuwa nazo, yaani asilimia 5.3. Sehemu hiyo hukua kwa kuwa wenye karata mbovu wamekwisha kujitoa, lakini bado wamo wenye jozi ndogo ambao wangelipa dau la wastani. Dau kubwa mno huwaondoa hao kwanza, na kuwabakiza wale wanaosubiri na wale waliokwisha kumpita mwekaji.

Anayesubiri haangalii kitita peke yake. Huangalia pia kete zilizobaki mbele ya mpinzani. Akilipa dau la 600, inambidi avune wastani wa kete 667 zaidi kila pau inapomjia ndipo hasara yake ifutike. Ikiwa mwenye ree amebakiwa na 500, haiwezekani. Ikiwa amebakiwa na 5,000 na hana moyo wa kuzitupa ree zake, dau la 600 ni zawadi. Kwa hiyo akiba kubwa hudai dau kubwa zaidi, na akiba ndogo hulindwa na dau la kiasi. Katika mashindano ya mtandaoni madau ya lazima hupanda kila baada ya dakika chache, hivyo akiba za wengi hukonda upesi.

Kukonda huko kuna mtego wake. Karata tatu zikiwa mezani na mbili bado, anayesubiri pau ana asilimia 35 ya kuipata akiziona zote mbili. Mpinzani akiweka kete zake zote, zikawa sawa na kitita, anamdai asilimia 33.3. Dau hilohilo ambalo kwenye karata ya nne lingekuwa adhabu, hapa ni halali kulilipa, kwa kuwa karata mbili zimeuzwa kwa malipo ya mara moja.

Hesabu hiyo ni ya kete, na kete za mashindano si fedha. Wabaki watatu wenye kete 5,000 kila mmoja, na zawadi ziwe asilimia 50, 30 na 20. Kwa fomula ambayo David Harville aliichapisha mwaka 1973 kuhusu mbio za farasi, na ambayo Mason Malmuth aliihamishia kwenye poka, kila mmoja anastahili asilimia 33.3. Mmoja akimtoa mwenzake na kufikisha 10,000, fungu lake linakuwa 43.3, akitolewa yeye, anaondoka na 20. Anahatarisha 13.3 ili apate 10, kwa hiyo anahitaji kushinda zaidi ya mara 57 katika 100. Kete zilizomo kwenye kitita hukishusha kiwango hicho, lakini haki ya 35 dhidi ya 33.3 ni nyembamba mno kuubeba mzigo huo. Karibu na zawadi, basi, mwenye akiba kubwa hupata kwa dau dogo kile ambacho mwanzoni kingemgharimu dau zito.

Mwisho, mtandao hauna usahaulifu. Kumbukumbu za kila mkono huhifadhiwa, na anayeweka theluthi ya kitita akiwa dhaifu na kitita kizima akiogopa pau, hujulikana baada ya siku chache. Programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliyowashinda wachezaji wanne wa kulipwa huko Pittsburgh Januari 2017 katika mikono 120,000, iliweka madau makubwa kuliko kitita ikiwa na mikono bora na ikiwa haina kitu vilevile, hata ukubwa wa dau usifichue kilichomo mkononi.