TUNAMWINDA MNYAMA AMBAYE HAYUPO

(Mada niliyoitoa Jumamosi kwenye darasa la vijana wa tawi letu. Nimeiandika kama nilivyoizungumza, ili na wale waliokosa waisome.)



 Niliombwa nizungumzie umoja ndani ya chama. Nikajiuliza, hii mada tumeshahubiriwa mara ngapi? Tunapiga makofi, tukitoka nje tunaendelea kusemana. Kwa hiyo leo nimewaletea hadithi ya watoto waliokwama kisiwani. Msicheke jamani, tufike mwisho kwanza.

Ni riwaya ya Mwingereza William Golding, inaitwa Lord of the Flies, ilitoka mwaka 1954. Mzee huyu alikuwa mwalimu, na Vita ya Pili ya Dunia aliipigana akiwa jeshi la majini. Watoto aliwajua, na vita aliijua.

Ndege iliyobeba wanafunzi inaangushwa wakati wa vita. Wanabaki wavulana watupu, wakubwa wao wana miaka kama 12. Wanaokota kombe la baharini (siyo la mpira!), wanalipuliza kama baragumu, watu wanakusanyika. Wanakubaliana kwamba aliyelishika kombe ndiye anayesema, na wengine wanasikiliza. Kwetu sisi tunaosoma sheria, hiyo tayari ni katiba.

Wanaotaka uongozi ni wawili, Ralph na Jack. Jack amekuja na kwaya yake. Kura ni za mikono: wanakwaya wanampa Jack, waliobaki wanampa Ralph. Ralph anashinda. Sasa angalieni mshindi anafanya nini. Anamwona mwenzake ameaibika, anamhurumia, anamwambia kwaya bado ni yako. Jack anasema basi watakuwa wawindaji. Muungano umezaliwa hapo: mmoja ana cheo, mwenzake ana watu wenye mikuki. Na siku zile za mwanzo wanapendana kweli. Ila hakuna aliyeuliza hao wawindaji wanawajibika kwa nani, kwa kikao au kwa Jack?

Jibu lilikuja siku wawindaji walipouacha moto wa kuitia meli ukazimika, na meli ikapita. Ralph alikuwa na haki ya kukasirika. Jack alikuwa na nyama ya nguruwe. Watu wakala nyama, na Ralph mwenyewe akala.

Baadaye Jack anaitisha mkutano. Anamwita Ralph mwoga, anataka wanyooshe mikono wanaomkataa. Haunyooki hata mmoja! Jack anaondoka analia. Ungekuwa wewe ni Ralph ungesema nimeshinda, kura zimeongea. Lakini muda si mrefu wakubwa wanaanza kuchomoka, mmoja mmoja, kimya kimya, wanamfuata Jack. Kikaoni walinyamaza, jibu lao wakalitoa kwa kuondoka.

Wengi wakisoma wanasema walifuata nyama. Sawa, njaa ipo, na sisi tunawajua waliotuacha kwa sababu ya nyama. Mimi naona nyama peke yake haitoshi. Walikuwa na hofu. Tangu mwanzo kulikuwa na uvumi kwamba kisiwani kuna mnyama wa kutisha. Ralph alijaribu kusema hayupo, hakueleweka. Baadaye yeye mwenyewe alipanda mlimani usiku, akaona kitu, akakimbia. Jack alikuwa na lugha nyepesi: mnyama yupo, na mimi nitawalinda. Ukishawatia watu hofu ya adui aliyejificha, huhitaji tena kura zao.

Kuna mtoto mmoja mpole, Simon. Huyu alipanda mlima peke yake akamwangalia huyo mnyama kwa karibu. Akakuta ni maiti ya askari aliyeshuka kwa mwavuli, upepo unaitikisa. Akashuka kuwaambia wenzake. Aliwakuta gizani, mvua na radi, wanacheza ngoma ya kuwinda. Wakadhani yeye ndiye mnyama. Wakamuua kabla hawajamsikiliza. Na Ralph alikuwepo kwenye duara lile. Kesho yake kila mtu ana kisingizio. Mapacha Sam na Eric wanasema waliondoka mapema, walikuwa wamechoka.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu, maana nilijiona.

Mwaka jana kwenye grupu letu moja la WhatsApp kulikuwa na dada mmoja aliyeuliza swali la kawaida kabisa: michango ya safari imetumikaje? Jioni ile ikarushwa picha yake amekaa anakunywa chai na mtu wa upande wa pili. Likaandikwa neno moja tu, "pandikizi". Mnajua likishaandikwa hilo kinachofuata. "Atolewe." "Tulijua." "Kanunuliwa huyo." Akaanza kujieleza, ujumbe wake wa kwanza ulisema, "Naombeni niwaeleze." Wa pili haukufika, admini alishamtoa. Tulikuja kujua baadaye kwamba picha ilipigwa msibani, na yule mtu ni mjomba wake. Msibani, jamani! Nani wetu hana ndugu upande ule?

Mimi sikuandika "atolewe". Niliweka emoji ya kucheka. Asubuhi rafiki yangu aliponiuliza nikamwambia, "Mi nililala mapema." Sam na Eric kabisa.

Sasa niwaambie kinachoniuma kama mwanafunzi wa sheria. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inasema haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ana haki ya kukata rufaa. Mwenzetu akikamatwa tunaidai ibara hii kwa sauti kubwa, na ni sahihi tuidai. Lakini usiku ule tulimhukumu mtu kwa dakika kumi, bila kusikilizwa, bila rufaa, tukaenda kulala.

Sisemi mapandikizi hawapo. Pengine wapo. Nasema njia ya kuwajua siyo ngoma ya gizani. Kwa hiyo naleta hoja, na naomba iandikwe kwenye muhtasari. Moja, mtu asitolewe kwenye grupu wala nafasi yoyote ya tawi kwa tuhuma ya usaliti kabla hajajibu. Mbili, anayetuhumu ajitaje, asimame na ushahidi wake. Tatu, asiyeridhika akate rufaa ngazi ya juu. Tukishindwa kupitisha haya kwenye tawi la watu arobaini, tusidanganyane kwamba tutayaweza tukipewa nchi.

Nimalizie na mwisho wa kitabu. Jack anachoma msitu ili amtoe Ralph mafichoni amuue, moshi unaonekana baharini, afisa wa jeshi la majini anafika. Anauliza nani kiongozi hapa. Ralph anajitaja. Pia anauliza mko wangapi. Ralph anatikisa kichwa, hajui. Siku ya kwanza kabisa kijana mmoja, yule waliyemwita Piggy kwa dhihaka, alitaka waandike majina. Walimpuuza, na alipouawa baadaye alikuwa amelishika kombe mkononi.

Na sisi, tuko wangapi? Katibu anaweza kutusomea idadi kwenye daftari. Mimi namjua mmoja aliyepungua, na nilishiriki kumpunguza. Wiki iliyopita nilimpigia simu nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho sisi hatukumfanyia. Akasema atafikiria.

 Mwenyekiti, naomba hoja ijadiliwe.